Sumaku Yako na Ile Kanda

Baba,

Nimekosa, na sijui nikuambieje. Ile kanda yenye sauti yako nimeiharibu mwenyewe, kwa kukupenda.

Tulipokuzika nilikusanya vitu ambavyo sikutaka mtu aviguse: kanda uliyomrekodia shangazi aliyeko Kasekese ukaugua kabla hujaituma, na ile sumaku ya spika uliyokuwa unaokotea skrubu zikidondoka mchangani. Nikavifunga pamoja kwenye kitenge, sumaku juu ya kanda, nikaweka sandukuni. Niliona vimekaa vizuri.

Juzi ilikuwa siku ya kumaliza msiba. Ndugu wamejaa hapa Katumba, shangazi naye kaja, mama akasema leteni kanda tumsikie. Nikatia betri mpya. Baba we! Unasema neno moja, unazama, inabaki shhh tu, unaibuka, unazama tena. Nikadhani redio kaseti ni mbovu. Fundi redio mwenzako wa Mpanda ndiye aliyeiona sumaku kwenye kitenge, akashika kichwa. "Sumaku imekula sauti," akasema.

Imekulaje? Haina betri, haina waya, imelala tu. Ulinifundisha mwenyewe kwamba mawimbi ya redio yanapita kwenye ukuta wa tope, yanapita hata miilini mwetu, wala hatuhisi kitu. Sasa sauti za watu nisiowajua zinatoka huko mbali zinafika nzima, yako iliyokuwa sandukuni ndiyo inapotea? Labda ulinionya. Nakusikia ukisema, "Anjelina, shika hii, ila usi..." halafu yanayofuata yananipotea. Sijui kama ni kweli au nimejitungia. Nilikukasirikia wewe, nikajikasirikia mimi, sasa hata sielewi.

Nililia mbele ya watu. Mama hakulia, akasema irudishe mwanzo. Kumbe siku ile unarekodi alikuwa pembeni anapukuchua mahindi. Ukasema, "Dada, mvua..." ukazama, mama akadakia, "imenyesha vizuri, tumbaku imestawi." Ukaibuka na "watoto", ukazama, akaendelea yeye. Hivyo hivyo, nyie wawili mkipokezana. Ulipofika "mke wangu" ukazama tena, na mama bila aibu akasema, "anapika kuliko wote, na tukigombana huwa mwenye makosa ni mimi." Watu walivunjika mbavu! Shangazi akafuta machozi akaapa hayo hukuyasema hata siku moja.

Ulisema au hukusema? Nilitaka kumuuliza mama. Lakini jana asubuhi nimemkuta peke yake na redio, kanda inazunguka. Ulipofika "mke wangu" hakudakia. Aliinamisha sikio, akasubiri umalizie.

Basi sitamuuliza. Sumaku nimeitundika jikoni, mbali na sanduku. Na kwenye yale mapengo yako, Baba, naahidi hakuna mtu atakayerekodi kitu kingine maadamu nipo hai.

Pumzika.

Mwanao,
Anjelina