Dumu tulilomwachia mama mkwe

Khairat, yametukuta makubwa!

Tumekwama mlimani, tunatoka Kibakwe kwa mama mkwe. Mume wangu Tumsifu kaongeza dizeli ya kwenye dumu, gari likazima.

Fundi tuliyemwita kaja, kafungua mpira wa pampu, kachovya kidole, KALAMBA. "Shemeji, hii ni alizeti."

Kalamba, Khairat!

Eti pampu ya siku hizi inaamriwa na kompyuta isukume dizeli lini na kiasi gani, ila kompyuta haijui umemimina nini. Mafuta ya kupikia ni mazito, yameikaba.

Nikamgeukia Tumsifu: "Hukunusa?"

"Nina mafua."

Mafua!

Madumu yalikuwa mawili, yanafanana: moja la dizeli, moja la alizeti ya zawadi. Tulilodhani ni la zawadi tumemwachia mama yake, katuaga akiwahi kukaanga maandazi ya kipaimara.

Simu ya mama inaita. Huyo mwenye mafua ananisukumia mimi nipokee.