Gazoni ya Papa na Mkojo wa Makasi

Jumatatu, tarehe 1 Julai

Leo naanza, na naahidi kusema yote, hata yale yatakayomharibia Makasi jina. Madame Eugénie, aliyetufundisha Kiswahili mwaka huu, anasema mtu anayejidanganya ndani ya daftari lake hana tena pa kwenda.

Basi. Makasi ni mbwa wangu. Jike. Jina lake maana yake ni nguvu, lakini anaogopa kuku. Na anakojoa kwenye gazoni ya Papa.

Gazoni hii si majani tu! Parseli yetu, uwanja wote wa nyumba, ni mawe meusi ya volkano, ukichimba unavunja jembe. Papa alileta udongo kutoka Kibumba, magunia juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, akapanda majani kwa vidole, shina moja moja. Sasa ni kijani na laini. Wapita njia wanasimama langoni kuitazama. Na tarehe 20 doti ya dada Bénédicte, sherehe ya mahari yake, itafanyika hapo. Familia ya Olivier, mchumba wake, ni wafugaji wa Masisi. Papa anasema watu wa Masisi wanayajua majani. Watatupima kwa majani.

Leo asubuhi amekuta maduara ya manjano. Mviringo kabisa, kama mtu aliyeweka sufuria za moto chini. Ametuita wote. Amesema siku ya doti akiona duara hata moja, Makasi ataondoka na Mjomba Onésime kwenda mji wa Kiwanja, kulinda ghala la mahindi.

Ghala la mahindi! Palipo na mahindi pana kuku.

Jumatano, tarehe 3 Julai

Nimejifunza kwamba mkojo wa mbwa ni mkali kama mbolea nyingi mno, na kwamba ukimwaga maji palepale, ukali unapungua. Kwa hiyo namfuata Makasi na kikombe. Akichuchumaa, nakimbia. Namwaga.

Ilifanya kazi asubuhi nzima. Mchana Makasi ameelewa kwamba huu ni mchezo. Sasa anakojoa kidogo, anasogea, ananitazama, anakojoa kidogo tena. Mkia unacheza. Mama amesema maji ni ya kubeba kichwani kutoka robine, bomba la mtaa, si ya kumwogeshea mbwa njia yake.

Jumamosi, tarehe 6 Julai

Papa amenyunyiza pilipili ya unga kwenye gazoni yote. Upepo ukaja kutoka ziwani. Tulikuwa kwenye sala ya asubuhi, madirisha wazi. Papa alipiga chafya katikati ya Baba Yetu, kisha Mama, kisha sote. Hatukufika kwenye Amina.

Makasi hakupiga chafya. Alikuwa nje. Anakojoa.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Siku gani hii! Niandike kwa utaratibu.

Jana jioni jirani yetu Mama Léonie alimpa Papa dawa. Weka chupa za maji kwenye majani. «Imbwa ikiona sura yake mu mayi, inapata haya.» Papa akafikiri. Chupa hatuna, lakini bidoni, madumu ya kuchotea maji, tunazo. Akasema kama chupa inafukuza mbwa, bidoni itamfukuza hadi Munigi. Nilitaka kusema kwamba bidoni ya manjano haionyeshi sura ya mtu yeyote. Lakini nilikuwa na matumaini.

Asubuhi akazipanga juu ya gazoni, mstari mmoja ulionyooka, kutoka mlangoni hadi langoni. Akaenda kazini. Lango likabaki wazi.

Sasa, hapa kwetu, na hasa kiangazi hiki robine ikikauka kila mara, mstari wa bidoni una maana moja tu. Mama mmoja alipita, akaona. Akarudi na bidoni zake, akaziweka nyuma ya zetu. Akaja mwingine. Nilitoka na uji mkononi, nikakuta gazoni yote imejaa bidoni na wenye bidoni, wengine wamekalia zao!

Nilijaribu kupita katikati. Mama mwenye kitenge cha bluu akanishika bega.

«Weye mutoto! Usikate mustari. Rudi nyuma.»

Nikamwambia hapa ni kwetu.

«Kila mutu anasemaka vile.»

Papa alirudi mchana. Akasimama langoni. Akapaza sauti: «Bamama, hapa hakuna mayi!»

«Tunajua, Papa,» yule wa kitenge akamjibu, kwa heshima kabisa. «Haiyafika bado. Tunangojea.»

Papa ni shemasi. Hawezi kufukuza wajane wa parokia. Wakangoja. Wawili wakagombana juu ya nafasi, wakaomba Papa aamue. Papa akaamua! Waliondoka giza lilipoanza kuingia, na walimshukuru.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Bidoni zimeondoka. Chini ya kila moja majani yamelala, yamefifia. Sasa tuna maduara na pia miraba.

Nilimwambia Papa kwamba miraba si ya Makasi. Akasema bila Makasi pasingekuwa na bidoni. Hilo ni kweli. Nimelifikiria sana na bado ni kweli.

Alhamisi, tarehe 18 Julai

Miraba imeinuka kidogo. Maduara hayainuki. Leo Papa na mimi tumeng'oa majani mazuri nyuma ya choo, mahali ambapo mgeni hatafika, tukayapandikiza kwenye maduara. Tumepiga magoti pamoja hadi jua lilipozama. Tumeimba kidogo. Makasi alilala, kidevu juu ya kiatu cha Papa.

Papa hakusogeza mguu. Akasema, bila kunitazama: «Najua unaipenda imbwa yako. Lakini neno nimeshalitoa mbele ya watu.»

Jumamosi, tarehe 20 Julai

Naandika jikoni, nimekaa juu ya gunia la viazi. Hotuba bado zinaendelea nje. Haraka!

Alfajiri gazoni ilikuwa safi yote. Kisha nikaliona. Duara moja. Jipya, katikati, mbele kabisa ya kiti cha Papa. Makasi nilikuwa nimemfunga, lakini kamba ilikuwa na jiko upande mmoja na hewa upande wa pili.

Nikafanya nilichoweza. Nikavaa kitenge changu, nikachukua sinia ya Fanta, nikasimama juu ya duara. Wageni wakaja, nikasimama. Bénédicte akatoka na wasindikizaji wake, wakanizunguka kama nguzo. Mama akaninong'oneza nisogee. Nikatabasamu. Mjomba Onésime alikuwa amekaa karibu na lango, kamba mpya inaning'inia mfukoni. Moto yake, ile pikipiki, inaondoka kabla ya jioni.

Kawaida ng'ombe wa doti ni wa maneno. Anasifiwa, watu wanapiga makofi, kisha inatoka bahasha. Lakini Muzee Habumugisha, babu yake Olivier, amesema hakuna mjukuu wake atakayeoa kwa bahasha. Wakafungua lango. Ng'ombe halisi! Mweusi, pembe ndefu, ameshuka kwenye pikapu. Wakamleta moja kwa moja mbele ya Papa. Yaani juu yangu. Alinisukuma kwa shavu, taratibu, na mimi na Fanta tukasogea.

Duara likabaki wazi mbele ya watu wote. Papa akaliona. Nilimwona akiliona.

Ndipo ng'ombe akainua mkia.

Sijawahi kuona kitu kirefu hivyo! Mkojo ulikuwa kama mvua ya Aprili kwenye mabati. Uliruka hadi kwenye viatu vya Papa. Nikafunga macho.

Muzee akainua fimbo yake. «Musimuguse! Amefika kwake! Amebariki nyumba!»

Vigelegele! Makofi! Na Papa (nimefungua macho, nimemwona mimi mwenyewe) akasimama, viatu vimelowa, akapiga makofi kuliko wote, uso unang'aa.

Makasi alikuwa amekaa kando ya jiko, anatazama. Sasa ananitazama mimi. Nje Mjomba Onésime anawasha moto yake, kuipasha tu, amesema.

Nachana kipande cha chini cha ukurasa huu. Nakiweka kwenye sinia, chini ya Fanta ya Papa, na kalamu pembeni. Nimeandika hivi:

Papa, tafadhali jibu kabla chupa haijaisha. Kama wa ng'ombe ni baraka, wa Makasi ni nini?