Lengalenga za Nyuma ya Nyumba

Mama wangu,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya nyumba yetu ya Ngagara, miguu imejaa udongo. Ungeniona ungecheka! Mimi huyu niliyekuwa nakuambia watu wa mjini hawalimi, wananunua. Nawe ulikuwa unanijibu, "We mutoto, unanunua majani na mikono uko nayo?"

Siku za kilio chako, baada ya kukuzika, tulishika desturi: hakuna aliyegusa jembe. Shangazi akaongeza yake, eti hata kumwagilia ni kulima. Nani angebishana naye, na macho yamemvimba vile? Basi lengalenga zako, ule mchicha wako wa kila siku, zikatoa maua, zikakaukia pale pale. Iliniuma kuliko hata kukunja nguo zako.

Tulipomaliza kilio, kaka Dezire akaja na fundi na kamba ya kupimia. Akasema shamba limeshakufa, atajenga vyumba vitatu vya kupangisha, mpaka ukutani. Nilimkasirikia, Mama. Nilimwita majina ambayo siwezi kukuandikia. Lakini unamjua, si mtu wa tamaa. Ana watoto wa kusomesha, na mshahara wake wa serikali haufiki popote.

Kisha mvua ikanyesha. Mbegu zilizoanguka zenyewe wakati sisi tunalia zikaota kila mahali, hata kwenye mchanga wa fundi. Wakati huo mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana mjini, kamiyo, yale malori ya mboga, hazishuki kutoka milimani, na sokoni bei haishikiki. Majirani wakaanza kugonga: "Mama yako alikuwa ananigawiaga." Nikachuma, nikagawa. Mke wa Dezire naye akaja na beseni, nikamjazia.

Jioni yake Dezire akapita. Alikuwa amekula lengalenga zako, akalegea kidogo. Akasema sawa, atajenga chumba kimoja tu, ila mpangaji apatikane mara moja, la sivyo anajenga vyote.

Nikamwambia mpangaji ni mimi.

Alidhani natania. Mama, nimeiacha ile nyumba niliyopanga Kinindo yenye ua wa sementi kila kona. Wenzangu wa kazini wananiona nimechanganyikiwa. Chumba alichojenga ni kidogo, kitanda kiligoma kuingia mpaka tulipotoa mlango. Lakini maji ya bati yanaingia kwenye pipa, na nikifungua dirisha nanusa udongo uliolowa. Mihogo ya sombe imeshika vizuri. Nyanya bado zinanidharau.

Nakukumbuka, Mama. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu nasikiliza kama unaburuta ndoo.

Pumzika sasa, mgongo wako ulichoka. Nakuahidi, siku zote nikiwa na pumzi, jirani hatagonga hapa arudi mikono mitupu. Na Dezire nitamlipa kila mwezi, bila kuchelewa, ili asipate neno.

Mwanao Spesi,
mpangaji katika nyumba uliyonizalia.