Kuvu ya Boriti, Nambari 14

Jumatatu, 6 Mei 1996. Mvua tangu alfajiri, imepungua saa mbili.
Nimekausha sampuli tano juu ya taa na kuandika vibandiko. Daktari Mcharo, mkuu wangu, anapanga ukoo mmoja wa kuvu zinazokula mbao. Nyingi ni za baharini. Anasema mababu zao waliishi nchi kavu, baadaye wakaingia majini. Ushahidi wake mkubwa ni nambari 14, pekee ya nchi kavu yenye sura ya zile za kale. Niliichukua mimi, kwenye boriti zinazouzwa kwa Ami Salim, Mji wa Kale. Makala yanakwenda posta Ijumaa.

Jumanne, 7 Mei. Mawingu.
Rangi ya kutilia sampuli za hadubini imekwisha. Nikaiweka 14 kwenye maji ya bahari badala yake. Mbegu zake zikatoa vimikia, vile vya kunasia mbao majini. Za nchi kavu hazina. Jedwalini niliandika "nchi kavu".

Jumatano, 8 Mei. Manyunyu.
Nimekwenda kwa Ami Salim. Nikamuuliza kama boriti zake ziliwahi kuingia majini. Amecheka mpaka akakohoa.
"Msomi mzima! Mwanangu, zimelala kwenye tope la bahari kule Tudor miezi miwili, magome yaachie. Wadhani nazimenya kama muhogo?"
Nimezaliwa chini ya dari ya boriti. Sikuwahi kuuliza.

Alhamisi, 9 Mei. Mvua kubwa.
Daktari amechora mti wa ukoo kwa wino. 14 iko shinani. Anapiga mluzi. Nimempelekea chai nikatoka. Mwoga mimi. Mkataba wangu unaisha Juni. Nikisema, mimi ni mzembe. Nikinyamaza, uongo wangu utapigwa chapa.

Ijumaa, 10 Mei. Jua, mara ya kwanza wiki hii.
Nimemwambia kabla hajafunga bahasha. Nimemwonyesha vimikia. Amechungulia muda mrefu.
"Kwa hiyo shina limekatika."
"Ndiyo, Daktari. Kosa ni langu."
"Lako la kutouliza, Bi Mwanasha. Langu la kupenda jibu."
Bahasha haikwenda. Kutwa tumekagua vibandiko vyote, mti gani, wapi, ulipitia wapi. Viwili vingine nina shaka navyo, nimeviwekea alama. Mti wa ukoo ameuchora upya kwa penseli. Shinani ameacha wazi.
Mkataba hakuutaja. Sikuuliza.
Nimekula, nimeswali Isha. Nalala saa tatu na robo.