Jini wa Kisima Kikavu

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Kicheko kile. Kinaanzia chini, kama maji yanayoanza kuchemka, kinapanda, kisha kinakatika ghafla. Nilikuwa na miaka sita. Kilitoka kwenye televisheni ya jirani, watoto wote wakajifunika macho. Mimi nikamgeukia mama. Akaniziba mdomo.

Jini wa *Kisima Kikavu* alikuwa na uso wa Arafa na sauti ya mama yangu. Arafa, mwigizaji wao, alikuwa mzuri, lakini akicheka utadhani kuku kakanyagwa. Watengenezaji wakamleta mama, wakamfungia chumbani, akachekea ndani ya mtungi mtupu. Marehemu baba alikubali sauti itoke, jina lisitoke. Bure! Mlingotini nzima ilijua. Mama ndiye aliyekuwa akisinga maharusi wa kijiji, kuwasugua kwa liwa na manukato. Tangu hapo hakuna mwenye binti aliyemwita tena.

Kesho ni tamasha la mashabiki, kwenye bustani moja Mapinga. Miaka ishirini ya tamthilia. Tiketi kanunua Amin. Alhamisi wazee wake wanaleta posa. Hajui lolote. Hajawahi kumsikia mama akizungumza.

Jumamosi, 13 Septemba

Watu wazima wamebandika kucha za plastiki! Moshi wa mashine, fulana, foleni ya kupiga picha na kisima cha maboksi. Amin anayajua maneno yote ya jini. Anayasema kabla ya skrini.

Shabiki mmoja akamuuliza Arafa kile kicheko alikitoa wapi. Arafa akaweka mkono kifuani. Eti kakirithi kwa bibi yake. Bustani nzima ikasimama kumpigia makofi. Amin akapiga mluzi.

Nyuma yetu dada mmoja akasema, "Sauti si yake hiyo. Ni ya mama mmoja wa Mlingotini, ana pepo yule."

"Pepo gani anafanya kazi kwa posho?" mwenzake akamjibu.

Amin akageuka, naye achangie. "Basi mkwewe ana kazi! Akichelewesha mahari, anachekewa mpaka azimie."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Mimi! Kicheko kidogo, cha adabu, sijui nilikiazima wapi.

Amin si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 14 Septemba

Baba mdogo Mikdad kaja na samaki na maagizo. Yeye ndiye walii wangu, posa itapokelewa kwake, mjini. Maagizo yalimhusu mama.

"Shemeji, siku hiyo wewe usiseme kitu. Ukisalimiwa, itikia kwa kichwa. Tutasema koo linakuuma."

"Na siku ya harusi?"

"Tutaona."

"Basi nitaumwa koo mpaka wajukuu wazaliwe," mama akasema. Baba mdogo hakucheka. Mama akamsindikiza mpaka nje, akamshukuru kwa samaki.

Baadaye nikamwambia haiwezekani. Akasema nimwache, yeye kashazoea. Kashazoea! Miaka ishirini anazungumza kwa kunong'ona sokoni, na mimi nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Shahada ninayo, akili sijui nilikuwa nimeiweka wapi.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefanya.

Mama alikuwa anakanda unga. Nikampigia Bi Hajra, mama yake Amin. Shikamoo. Marahaba, mwanangu, hamjambo huko? Nikasema hatujambo, mama yangu yupo hapa, anataka kukusalimu. Nikaweka spika.

Mama akatikisa kichwa. Akanionyesha mikono yenye unga, kana kwamba simu inaongewa kwa mikono. Akaonyesha koo. Nikasubiri. Bi Hajra akaita, "Dada? Upo?"

Ni kutojibu salamu ndiko kulikomshinda. Mama hajawahi kumnyima mtu salamu.

"Nipo, dada yangu. Mwanamkasi hapa. Habari za nyumbani?"

Sauti nzima. Ile ile, mpaka vikombe kabatini nadhani vilisikia.

Nilisikia feni yao. Kisha Bi Hajra, polepole: "Hebu sema tena."

Mama akanitazama kama hajapata kuniona. Akafuta mkono mmoja kwenye kanga, akanipokonya simu, akazima spika. Akanitoa jikoni kwa kiwiko, akafunga mlango.

Bado wanaongea. Maneno siyapati. Amin kashanitumia ujumbe: *Umemwambia nini mama?* Nimemjibu: *Nimempa simu mama yangu.*