Anga Nililolibandika Kinyume

Jumapili, 13 Julai

Wamempa! Binti yangu Bryony ndiye atakayechora picha ya kisima mwaka huu, ile ya petali za maua juu ya udongo tunayoisimamisha kisimani kila Julai. Bi Wildgoose katamka mwenyewe baada ya ibada, mbele ya watu wote, mkono ukimtetemeka juu ya fimbo. Mkono huo ndio uliochora kila picha ya kisima tangu mimi msichana — Nuhu, Yona, Mchungaji Mwema, halafu Nuhu tena. Sasa umechoka. Kamtazama mwanangu juu mpaka chini, kasema mwaka huu ni wake, mwakani wataona.

Mwakani wataona! Najua maana yake. Mpwa wake Rupert, yule wa Sheffield, ana mashine ya kuchapa picha kwenye turubai, na nusu ya kamati ya kisima wanalitaka hilo turubai. Halinyauki, halitaki udongo, halitaki watu. Picha ya Bryony ikisimama kisimani wiki nzima bila kuharibika, basi kazi ni yake. Ikiharibika, turubai.

Bryony kainamia viatu vyake. Masikio yalimwiva mekundu. Ana miaka kumi na tisa, anaosha masufuria kwenye baa, na walimu walishaniambia nisimtarajie makubwa. Mimi nami, badala ya kumpongeza, nikamuuliza kama kavaa soksi nzito. Sijui yalinitokea wapi.

Jumatatu, 14 Julai

Tumekanyaga udongo. Mbao za kubebea picha zimetoka bwawani zikichuruzika, zimekunywa maji hadi basi — zisipolowa zitaufyonza udongo nao utapasuka. Tukatia chumvi, tukavua viatu, tukaingia. Mimi, jirani yangu Gwenda, na mume wangu Desmond. Gwenda anasema kwa miguu ya Desmond chumvi ya nini, udongo hauwezi kuoza tena. Desmond kajibu kwamba miguu yake ilikanyaga udongo wa kisima kabla Gwenda hajajua kufunga kamba za viatu. Wakaendelea hivyo mpaka chai.

Picha ni yule mwanamke Msamaria kisimani. Zaidi ya hapo sijui, maana Bryony hataki niione. Kaitandaza karatasi yenye mchoro juu ya udongo na kuitoboatoboa kufuata mistari, kwa sindano yangu ya kufumia. Bi Wildgoose anayo sindano yenyewe ya kazi hii, ya mpini wa mfupa, ya mama yake. Hukaa mfukoni mwa aproni pamoja na peremende zake. Peremende humpa kila mtu. Sindano hajawahi kumpa yeyote.

Kakaa pale, kainyonya peremende yake, kamtazama mwanangu akihangaika na sindano ya soksi.

Jumanne, 15 Julai

Leo tumepanga buni, zile mbegu za kahawa, kwenye mistari, moja moja. Mgongo wangu! Bryony anamfanya mwanamke mwenyewe, kisha anamfunika kwa kitambaa kibichi. Gwenda kachungulia, kacheka mpaka kashika ukuta. Nikamuuliza kuna nini. "Utapenda," kasema. Simwamini.

Birika la jikoni ukumbini liko mbali mno na meza yenye picha. Nimewaambia Desmond na mwenye baa waigeuze meza, tupate njia ya kupita na vikombe. Wameigeuza. Nafuu kubwa.

Jumatano, 16 Julai

Leo nimefanya kazi! Bryony alikuwa zamu ya mchana kwenye baa, wenzangu wamekwenda kwenye mazishi ya mjomba wa Gwenda kijiji cha pili, na anga lote bado udongo mtupu. Kwa kasi ile tusingemaliza. Nikajisemea, mama ni wa nini? Petali za maua ya haidrenjia zilikuwa zimejaa ndoo, bluu kama shuka jipya. Nikakaa na kubandika anga peke yangu, kuanzia upande wa jikoni kwenda mbele, petali ikilalia petali, mpaka vidole vikafa ganzi. Ndoo nzima imeisha.

Bryony kaja jioni. Kasimama mbele ya anga bila hata kuvua aproni ya baa, nikadhani kakasirika. Kapitisha kidole juu yake. Halafu kanikumbatia — yeye, asiyekumbatia hata paka — kasema asante Mama, nenda kapumzike.

Nimelia njiani, lakini vizuri.

Alhamisi, 17 Julai

Redio inasema mvua Jumamosi. Redio ya nchi hii husema mvua hata kukiwa na jua.

Bryony kala sahani mbili za soseji na viazi. Anaimba bafuni. Sikujua kama anajua kuimba.

Ijumaa, 18 Julai

Ee Mungu wangu.

Asubuhi Desmond alikuwa anaezeka upya banda la kuku. Mimi namshikia ngazi, namwambia aangalie asianguke, anajibu kwamba hali ya hewa kule juu ni shwari. Vigae alianzia chini. Chini kwanza, halafu cha juu kinakilalia cha chini, maji yanateremka yenyewe. Ndivyo tunavyobandika petali, mtoto yeyote wa hapa anajua. Chini kwenda juu.

Na mimi nilianzia upande wa jikoni. Miaka yote upande wa jikoni ndio chini ya picha.

Ila meza niliigeuza. Mimi mwenyewe! Kwa ajili ya birika!

Nikaiacha ngazi, nikakimbilia ukumbini na aproni yangu. Kweli. Kila petali imefungua mdomo kuelekea juu. Anga zima la mifuko midogo inayongoja mvua. Likinyeshewa, maji yatajaa, petali zitabeba uzito, na anga la mwanangu litashuka lote juu ya kichwa cha Msamaria. Mbele ya Mchungaji na bendi ya tarumbeta. Mbele ya Rupert wa Sheffield.

Bi Wildgoose alikuwa pale, sikumwona nilipoingia. Kainama mpaka pua ikagusa petali. Nikangoja aseme. Kaniuliza redio imesemaje kuhusu kesho. Nikamwambia. Kanipa peremende.

Haidrenjia za kijiji kizima tumezimaliza. Nimezunguka bustani zote nikajifanya nauliza habari za magoti ya watu.

Nilitaka kumwambia Bryony wakati wa chakula. Nilishafungua mdomo. Kaniangalia huku udongo umemkaukia kwenye nywele, kacheka, kaniuliza kama nitavaa kofia yangu nzuri kesho. Nikamwambia ndiyo. Hivyo tu. Ndiyo!

Jumamosi, 19 Julai

Nimo jikoni ukumbini. Nimetumwa huku nipike chai, maana nilikuwa nawakanyaga. Birika halijachemka. Dirisha linatazama kisimani, naona kila kitu, na nisipoandika nitapiga kelele.

Saa tatu wanaume waliibeba picha na kuisimamisha. Bryony kavuta kitambaa.

Ni mimi. Mwanamke Msamaria ni mimi! Kidevu changu kile cha pili, kwa petali za waridi. Kitambaa changu cha kichwani cha madoa. Kashika ndoo, na mdomo kauacha wazi kidogo, na hata kipofu angejua anachomuuliza Bwana Yesu: kwamba kavaa nini miguuni kwa baridi hii. Watu wakacheka, lakini cheko la kupenda. Mwenye baa kavua kofia mbele yangu. Gwenda kaninong'oneza, "Nilikwambia utapenda."

Nikainua macho. Juu ya kichwa changu, anga. Anga langu.

Halafu tone. Juu ya pua ya mwenye tarumbeta kubwa, nililiona. Halafu mengine.

Nikasema hapo hapo, kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia. Bryony, mwanangu, anga ni kosa langu, nimelibandika kinyume, usiwaache wafikiri ni wewe.  Rupert kakohoa na kusema turubai lisingepata tatizo la namna hiyo. Alikuja nalo, sampuli, Nuhu mkubwa wa mashine na twiga wawili.

Bryony kanishika mikono.

"Niliona Jumatano, Mama," kasema. "Nilipoligusa tu."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa umefurahi."

Kisha kageuka. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwake, sauti ya mtu anayeendesha ng'ombe. Kamtuma mwenye baa kwenye friji ya vinywaji: nyuma ya siagi kuna ndoo, ilete. Haidrenjia! Kaziweka tangu Alhamisi, za akiba mvua ikija, kutoka bustani za kijiji cha pili, kaziomba mlango kwa mlango — mwanangu, ambaye hata dukani hunisukuma mimi mbele. Kamwambia Desmond alete ngazi. Kamwambia Gwenda ang'oe petali safu kwa safu, taratibu, asiguse mawingu. Mimi kanituma chai. Nikaenda bila kubisha! Nani angeamini.

Na cha kukingia je, mvua inazidi? Desmond katazama huku na huku, kamnyang'anya Rupert turubai lake. Sasa wako wanne, mmoja kila pembe, wamelinyanyua juu ya picha. Nuhu na twiga wake wanalowa wao, Msamaria mkavu. Rupert kapewa pembe ya nne. Kapewa bila kuulizwa.

Gari la Mchungaji limefika. Anashuka. Kasimama na mwavuli, haelewi abariki nini.

Bryony yuko juu ya ngazi. Nusu ya anga imeng'oka, udongo uko wazi, upande mmoja umeanza kupasuka pembeni. Anajaribu kuuziba kwa sindano yangu ya soksi, ni nene mno, inazidi kuubomoa. Kidole, sindano, kidole. Jamani, polepole mwanangu.

Bi Wildgoose kaondoka kwenye kiti chake. Hana mwavuli. Anatembea kwenye nyasi na fimbo yake, na watu wanampisha. Kasimama chini ya ngazi. Anasema kitu, sisikii, birika limeanza kulia. Bryony kainama kumsikiliza.

Kikongwe kaingiza mkono mfukoni mwa aproni. Unapapasa, hautoki upesi. Ama ni peremende, ama —

Birika linalia. Na lilie.