Vituo Viwili Havikutosha

Dada Koku,

Nimeshindwa kutulia. Tangu Alhamisi nazunguka nyumba hapa Kibeta mpaka mke wangu ananiuliza nimepoteza nini. Nikimjibu nitalia, kwa hiyo nakuandikia wewe, uliyezoea kuniuliza kama nimekalia siafu.

Hospitali yenu imeletewa kompyuta. Iko maabara, pale ilipokuwa meza yako ya madaftari, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutengeneza programu ya damu: nani ametoa, kundi gani, itumike au isitumike. Waliotoa kompyuta wanakuja Jumatatu, na Daktari Mkuu anataka wakute madaftari yamefungiwa kabatini. Karani aliingiza majina na majibu kutoka kwenye madaftari yako ya zamani ili nijaribie nayo.

Kujaribu kwa mkono kunachosha, basi niliandika programu ndogo ya kuijaribu ile kubwa. Inabonyeza yenyewe, inaingiza watu, inafuta waliojitoa kwenye orodha, inatoa orodha mpya. Njiani unaiwekea vituo vya kuhakiki. Ikifika kituoni inasimama, inalinganisha kilichopo na kinachotakiwa kuwepo, ndipo iendelee. Mimi niliweka viwili tu. Mwanzoni, kuona kama programu imefunguka. Mwishoni, kuona kama idadi ya watu ni sawa na ya daftari. Ikapita. Nikarudia, ikapita. Nikamwambia Daktari tuko tayari, nikajiona mtu wa maana sana.

Alhamisi asubuhi nilikwenda Muleba kumwona Mama. Bado anapalilia migomba iliyo karibu na kaburi lako, hata pasipo na jani la kung'oa. Mwanao Asimwe yuko darasa la tano, ana maneno kama wewe. Mama alikuwa anamenya ndizi, akakumbuka tulivyokimbia vita kutoka ng'ambo ya Mto Kagera kwenda kwa shangazi kule Kimwani. Kila tulipopumzika alituhesabu: sita, haya twende. Siku ya pili ukamwambia, "Mama, usiseme wapo sita. Taja majina." Kumbe mmoja alikuwa mtoto wa watu, amejishikiza kwetu kwenye msongamano, na mimi nilikuwa nimebaki nyuma na watu wenye mbuzi. Ulirudi peke yako kunifuata. Mama alicheka kidogo akisimulia. Mimi sikumaliza hata kula.

Nilirudi Bukoba mchana uleule, moja kwa moja hospitali, nikaweka kituo kwenye kila mstari. Jaribio halikufika mbali. Kumbe mtu aliyejitoa akifutwa, majina ya chini yake yanapanda, lakini majibu ya damu yanabaki palepale. Watu wote wapo, idadi sawasawa, na kila mmoja amebeba jibu la aliyemtangulia.

Mstari wa kwanza uliokwama, mashine iliandika: itumike. Nikafungua daftari. Mwandiko wako unasema: isitumike. Na jina ni lako.

Dada, uliipima damu yako mwenyewe. Nadhani siku hiyo damu ya hospitali ilikuwa imepungua, ukajitolea. Tarehe ni miaka miwili kabla hujatuambia kwamba unaumwa. Miaka miwili ulikuwa unakuja nyumbani na mkate, unanitania kwamba sioi. Nimekukasirikia, sikufichi. Ungeniambia, waitu, dada yangu. Ningejua hata kukaa na wewe tu. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na aibu. Wewe ungeweza kuuacha mstari ule wazi, na nani angejua? Ukaandika isitumike, ukaendelea na mtu wa chini yako, mwandiko haujayumba hata kidogo.

Jana nilimwambia Daktari kwamba Jumatatu hatufungui. Aliniuliza mara tatu kama naelewa wageni wenyewe ni akina nani. Akasema labda kazi hii apewe mwenye uwezo. Nikasema ampe, lakini kwanza asome mstari huu kwenye daftari na mstari huu kwenye mashine. Jina nilikuwa nimelifunika kwa kidole. Mwandiko aliutambua. Alivua miwani, akasema madaftari yarudi mezani mpaka nitakapomaliza, wageni atawaeleza yeye.

Kosa lenyewe nimelirekebisha leo, na bado moyo haujakaa. Nafikiria ile Jumatatu ambayo ingekuwa. Nafikiria mama mjamzito kitandani, na mimi nyumbani kwangu nakunywa chai, nimeshajisifu.

Jina lako nimelitoa kwenye programu, nimeacha namba tu. Hakuna atakayekusema. Lakini mstari sikuufuta. Kila asubuhi, kabla ya kutolewa chupa hata moja, mashine itasimama kwenye mstari huo kwanza. Ikisema itumike, haitafunguka, na hata Daktari hana namna ya kuipita.

Pumzika, Dada. Asimwe nitamweleza mwenyewe akikua, asije akasikia kwa watu. Na hili nakuahidi: hakuna mgonjwa atakayetundikiwa damu kwa neno la mashine hii kabla haijasema kweli juu yako.

Mdogo wako,
Mugisha